Kikombe Kimoja cha Baba Mkwe

Jumapili, 7 Novemba 1976

Wiki ya tatu ya ndoa! Mchana jirani alisimama mlangoni akaita, "Mama mwenye nyumba!" nami nikageuka nyuma kutazama anamwita nani. Kumbe ni mimi, Paskalina wa Kihesa kule Iringa, ambaye mwaka jana tu nilikuwa nafua sare ya shule.

Nyumba yetu ya Ilomba ni vyumba viwili na sebule. Nyuma kuna ua, jiko la matofali mabichi upande mmoja, choo pembeni kabisa. Kwangu mimi ni ikulu. Alinanuswe hurudi kutoka stesheni ya Iyunga akinuka mafuta ya treni, na harufu hiyo naipenda kuliko marashi. Jana aliniletea daftari hili. "Uandike mambo yako mazuri," alisema. Mpenzi wangu, mimi nina mazuri tu! Sijui kama kurasa zitatosha.

Mvua bado. Mlima Loleza umejifunga wingu kiunoni tangu asubuhi.

Jumamosi, 13 Novemba

Wazazi wake wanakuja Jumanne kutoka Tukuyu. Baba yake ana presha, na juu ya hiyo wamempima wakakuta damu yake ina mafuta mengi kupita kiasi. Atakaa kwetu masika yote ili awe karibu na hospitali. Nilifurahi, nikaanza kupanga nitawapikia nini. Ndipo Alinanuswe akaniketisha.

"Paska, kuna jambo la kwetu. Wewe sasa ni mkamwana, mke wa mtoto. Mkamwana haonani na baba mkwe."

"Haonani vipi, na tunaishi nyumba moja?"

"Hamtazamani. Hamkai chumba kimoja. Akipita unajificha. Na jina lake hulitaji."

Nilicheka. Yeye hakucheka.

"Hata sisi Wahehe tunamheshimu baba mkwe," nikamwambia, "lakini hatumkimbii kama chui."

"Kule kijijini ni rahisi, nyumba zao ziko mbali na zetu. Hapa mjini itabidi tuvumiliane."

Tuvumiliane! Kwani na yeye atakimbia? Lakini alinishika vidole kimoja kimoja huku akinitazama kwa macho yale, nikasema ndiyo. Ningesema ndiyo hata angeniambia nipae.

Basi hata humu jina silitaji. Nitamwita Mzee.

Jumanne, 16 Novemba

Wamefika. Nimeona viatu vya Mzee mlangoni, basi.

Mzee akitaka kutoka chumbani hukohoa mara moja. Ni kikohozi kizito, cha mtu aliyekula vumbi la migodi ya shaba ya Kitwe, ng'ambo ya mpaka, ujana wake wote. Nikikisikia naacha chochote nilichoshika, nakimbilia nyuma ya jiko, najitanda kanga kichwa kizima, nasubiri apite. Akirudi ndani, Mama mkwe ananiita, "Ndaga, mwanangu," nami natoka. Neno hilo kwake ni asante, ni pole, ni karibu, ni yote. Kiswahili chake ni kidogo na Kinyakyusa changu ni kidogo zaidi.

Wali umeungua mara mbili.

Jumatano, 17 Novemba

Mvua ya kwanza. Nyuma ya jiko hakuna paa.

Ijumaa, 19 Novemba

Tumempeleka Mzee hospitali. Mimi nilibeba kapu, nikatembea nyuma sana kama mtu asiyewajua. Wao watatu waliingia kwa Daktari Liberatus, mimi nikasimama nje chini ya dirisha. Dirisha lilikuwa wazi. Nilisikia kila neno.

Mzee amepewa dawa mbili. Ya kwanza ni vidonge vya presha. Ya pili ni unga wa kukoroga katika maji, una harufu ya machungwa, wa kupunguza mafuta ya damu. Unga huo ni mgeni, daktari huletewa na rafiki zake wa ng'ambo kwa makopo.

"Sasa nisikilizeni," daktari alisema. "Mnajua ulimbo, ule utomvu wa kunasia ndege? Unga huu ni ulimbo. Hauingii mwilini, unapita tumboni tu, unanasa mafuta na kutoka nayo. Lakini ulimbo hauchagui ndege. Kidonge cha presha kikiukuta njiani, nacho kinanaswa, kinatupwa chooni. Mtakuwa mmemeza bure. Kwa hiyo vidonge alfajiri, akiamka tu. Unga baadaye, jua likishapanda, si chini ya saa nzima. Na akishakunywa unga, asimeze dawa nyingine mpaka masaa manne hadi sita yapite. Maji mengi. Tumeelewana?"

"Tumeelewana," Alinanuswe akajibu, kisha akamgeuzia mama yake Kinyakyusa. Daktari alikuwa amesema maneno mengi. Ya Alinanuswe yalikuwa machache. Niliona ni kwa kuwa lugha yao ni ya mkato. Mume wangu ana sauti nzuri hata akizungumza mambo ya chooni!

Jumamosi, 20 Novemba

Asubuhi Mama mkwe aliingia jikoni, akamimina uji katika kikombe kikubwa cha bati. Akasaga vidonge kwa mgongo wa kijiko, akavitia. Akafungua kopo, akatia unga. Akakoroga vyote pamoja, akapeleka.

Nilibaki nimeshika mwiko.

"Mama," nilimwambia aliporudi, "daktari amesema vitenganishwe."

Akanitazama kana kwamba nimevua nguo. "Mkamwana haongei dawa ya mkwe," akasema taratibu. "Kikombe kimoja. Basi."

Jumapili, 21 Novemba

Nimemwambia Alinanuswe. Amesema atazungumza na mama yake kesho. Amenipa ua la mchongoma alilochuma njiani, ameliweka katika nywele zangu. Mpenzi wangu!

Jumanne, 23 Novemba

Kikombe kimoja. "Kesho," anasema.

Jumapili, 28 Novemba

Kikombe kimoja. "Paska, mama hapangiwi na mkamwana. Lazima nitafute saa nzuri."

Nilimuuliza saa nzuri ni ipi, maana mama yake yuko humu ndani tangu jua kuchomoza hadi kuzama. Akacheka, akasema, "Hasira za Kihehe hizo!" akanifinya shavu. Siku nyingine ningeyeyuka. Leo shavu liliniuma.

Ijumaa, 3 Desemba

Mvua siku nzima. Nimekimbilia nyuma ya jiko nikiwa na mikono ya unga wa mahindi, unga ukawa uji mkononi. Nimenyeshewa, nimekauka mbele ya moto, nimenyeshewa tena. Kanga yangu ya harusi, ile nyekundu, imeliachia rangi gauni langu jeupe.

Kupitia ukuta nilimsikia Mzee akiugulia kichwa. Anaugua kwa adabu, kama mtu anayeomba radhi. Dawa ya kumtuliza iko katika kikombe chake kila asubuhi, na inamtoka kama ilivyoingia. Mimi ninajua. Mume wangu anajua. Na sote tunakaa mezani tukisifia mboga!

Jumapili, 12 Desemba

Jambo la ajabu. Mvua ikinyesha kwa nguvu, Mzee hakohoi. Anakohoa ikishakatika. Nadhani mvua inamlaza usingizi.

Ijumaa, 17 Desemba

Naandika kwa hasira, na mwandiko utanisamehe.

Tumerudi hospitali. Mimi chini ya dirisha langu, maji ya paa yakinidondokea shingoni. Daktari akapima presha, akapima mkono wa pili.

"Haijashuka hata kidogo. Anameza vidonge?"

"Kila siku," akasema Mama mkwe.

"Haruki?"

"Haruki," akasema Alinanuswe.

Ni kweli, haruki! Hakuna aliyesema uongo na hakuna aliyesema kweli. Nikangoja mume wangu aseme neno lililobaki. Nilingoja kwa moyo wote, kama nilivyomngoja kanisani Kihesa siku alipochelewa kwa sababu ya basi. Nikasikia kalamu ya daktari ikiandika, ndipo nikapaza sauti:

"Daktari! Vinachanganywa! Vinatiwa kikombe kimoja!"

"Nani huyo nje?"

Na Alinanuswe, yule aliyenivisha pete, akacheka kidogo. "Ni mke wangu, daktari. Amechoka kusubiri."

Foleni ilikuwa imefika getini na mtoto mmoja alikuwa akilia kama anachinjwa. Daktari akasema basi wasinicheleweshe, akaandika vidonge mara mbili ya vile vya kwanza.

Njiani kurudi nilitembea nyuma yao. Niliutazama mgongo wa mume wangu, mgongo niliousifia katika ukurasa wa kwanza wa barua zangu zote, nikatamani kuupiga na kapu.

Jumamosi, 18 Desemba

Sizungumzi naye.

Jumapili, 19 Desemba

Sizungumzi naye. Ameleta mkate wa dukani na kopo la siagi. Nimeula mkate. Sizungumzi naye.

Jumatatu, 20 Desemba

Tumezungumza, na afadhali tusingezungumza.

"Ulitaka niseme mbele ya daktari kwamba mama yangu anakosea?"

"Nilitaka useme kwamba baba yako hapati dawa."

"Wewe hujui kwetu. Mama amemtunza baba miaka thelathini."

"Na ulimwambia mama maneno ya daktari? Lile la ulimbo ulimwambia?"

Akajikuna kisogo. "Nilimwambia zote ni za asubuhi. Kinyakyusa hakina haja ya hadithi ndefu."

Kumbe! Kumbe siku ile ya kwanza hakumwambia! Mama mkwe hajui. Mwezi mzima nimemkasirikia mama ambaye hajui, na anayejua ananifinya mashavu.

"Basi mwambie leo."

"Sasa nikimwambia leo ataniuliza kwa nini sikumwambia siku ile."

Aibu yake ndogo, ile ya kitoto, ndiyo anayoilinda kwa presha ya baba yake! Nikajaribu mwenyewe. Nilikusanya Kinyakyusa changu chote, nikamfuata Mama mkwe penye mafiga. Akaweka kidole mdomoni, akaelekeza chumba cha Mzee. Ukuta ni mwembamba. Mkamwana akizungumzia mwili wa mkwe na mkwe akasikia, ni kama amemwona uchi. Akaondoka kabla sijamaliza sentensi.

Jumamosi, 25 Desemba

Noeli. Nimewakumbuka wa Kihesa hadi nikalia ndani ya mchuzi. Kikombe kimoja.

Ijumaa, 14 Januari 1977

Alinanuswe amepandishwa cheo kidogo kazini. Alinibeba mlangoni akanizungusha. Nilicheka, nikamkumbatia, na katikati ya kumkumbatia nikaona kikombe cha bati kimeanikwa juani. Nikashuka.

Ninampenda. Hilo ndilo linaloniudhi zaidi. Ingekuwa simpendi ningekuwa nimekwisha panda basi la Iringa.

Ijumaa, 28 Januari

Kopo la unga limekwisha. Hospitali wanasema mzigo mpya bado. Mama mkwe amefurahi: "Kikombe sasa chepesi." Vidonge vinaendelea, vile vile vya mara mbili.

Jumapili, 30 Januari

Nimeosha vyombo nikiwaza, na wazo limenifanya niangushe sahani.

Vidonge viliongezwa kwa sababu havikufanya kazi. Havikufanya kazi kwa sababu ulimbo ulivinasa. Sasa ulimbo haupo. Ndege wote wataruka! Mzee atapata mwilini vidonge mara mbili ya vile ambavyo hajawahi kuvipata hata mara moja.

Nilimweleza Alinanuswe polepole, kama mwalimu, nikitumia maharage na asali juu ya meza. Alitazama maharage.

"Si ndiyo vizuri?" akasema. "Presha itashuka."

"Itashuka mpaka wapi?"

"Paska, usimtabirie baba mabaya."

"Nenda ukamuulize daktari!"

"Wiki ijayo nina zamu ya mchana, nitapita."

Nikayafuta maharage yote kwa mkono, yakaenda sakafuni. Sikuyaokota. Aliyaokota yeye.

Jumamosi, 5 Februari

Redioni leo ni nyimbo na vigelegele, TANU na ASP zimekuwa chama kimoja. Majirani wamejaa barabarani. Mzee hakutoka. Mama anasema anaona kizunguzungu akisimama. Nimemwambia Alinanuswe: kizunguzungu. "Kesho kutwa," amesema.

Jumatano, 9 Februari

Jana sikuweza kuandika.

Alinanuswe alikuwa kazini, Mama mkwe sokoni. Mvua ilikuwa imekatika punde. Mzee akakohoa. Nikaacha viazi nilivyokuwa namenya, nikakimbilia nyuma ya jiko, nikajitanda kanga. Nilisikia hatua zake katika matope, polepole kuliko kawaida. Kisha nikasikia kishindo, kama gunia limetupwa kutoka kwenye lori.

Nilingoja akohoe. Hakukohoa.

"Mzee?" niliita kutoka ndani ya kanga. Tazama ujinga wangu: niliita nikiwa nimejifunika!

Hasira iliyonipanda sijawahi kuijua. Niliikasirikia kanga, nikaukasirikia ukuta, nikamkasirikia kila aliyewahi kuniambia kesho. Niliitupa kanga chini nikatoka.

Alikuwa amelala ubavu karibu na choo, matope hadi sikioni. Ndiyo mara ya kwanza kumwona baba mkwe wangu. Ni mtu mdogo! Miezi yote hii nilikuwa namkimbia jitu, kumbe ni mzee mdogo mwenye ndevu nyeupe, na kwenye kope zake kuna vidoa vya njano kama matone ya nta. Macho yalikuwa wazi. Yalinitazama.

Shuleni tulifundishwa huduma ya kwanza. Nilimlaza chali, nikageuza ndoo, nikaiweka miguu yake juu ya ndoo hiyo. Nikamshika mkono kutafuta mapigo. Lilikuwa linakuja moja, linapumzika, linakuja jingine. Ngozi baridi kama samaki. Nikapiga ukunga.

Wanawake wa jirani walifika uzioni wakasimama pale, mikono midomoni. "Mkamwana anamgusa mkwe!" mmoja akasema. Hakuna aliyeingia.

Aliyeingia ni Budeba, yule Msukuma anayeleta mchele wa Usangu kwa lori lake, anapanga nyumba ya tatu. Alipita juu ya uzio na mabuti yake.

"Dada, shika miguu, mimi mabega. Iwe juu hivyo hivyo."

"Jamani, mila!" yule mwanamke akapiga kelele.

"Basi njoo umshike wewe!" Budeba akamjibu. "Huji? Nyie watu mtakufa kwa adabu. Dada, twende!"

Nilipanda nyuma ya lori, juu ya magunia, kichwa cha Mzee chini na miguu yake mapajani mwangu. Barabara nzima aliyafumba macho, akayafumbua, akayafumba. Mimi nilikuwa ninalia na kutukana. Nilimtukana mtoto wake kwa Kihehe, maneno ambayo bibi yangu angenichapa.

Hospitali, muuguzi akachukua kalamu. "Jina la mgonjwa?"

Nikatazama mlango.

"Dada, jina."

"Mzee."

"Wodi hii wote wazee. Huyu hana jina?"

Mlangoni akatokea Mama mkwe, kapu la soko bado begani, anahema. Amekimbia kutoka sokoni baada ya kuambiwa. Akanitazama, akamtazama muuguzi. Yeye naye alikuwa hana pumzi ya kusema. Muuguzi akagonga kalamu mezani.

"Ezekia," nikasema. "Ezekia Mwaikenda. Anameza vidonge vya presha, na unga wa mafuta ya damu umekwisha tangu Ijumaa ile ya mwisho wa Januari, na vidonge viliongezwa wakati unga ulikuwa unavila, na nilisema, nilisema dirishani mkanicheka!"

Wodi nzima iligeuka. Daktari Liberatus alikuwa kitanda cha pili. Akaja mbio, akapima. Presha ilikuwa imeshuka hadi sindano ya mashine ilikuwa kama haitaki kusimama. Wakamtundikia maji, wakazuia vidonge.

Baadaye daktari akaniita. Mimi! Akanisikiliza hadi mwisho, mikono mifukoni.

"Wewe ndiye sauti ya dirishani."

"Ndiyo."

"Ningepaswa kukuuliza siku ile." Akavuta pumzi. "Unga ulikuwa unanasa vidonge. Mimi nikaona presha haishuki, nikaongeza. Unga ulipokatika, vyote vikaingia kwa pamoja. Dawa mbili hizi si maadui, zinaweza kukaa katika mtu mmoja miaka. Zinachotaka ni kupishana tu. Na moja ikikatika au ikibadilishwa, ya pili isiendelee kama kawaida, mje kwanza mniulize."

Kupishana tu! Nyumba ambayo watu wawili wanapishana mchana kutwa, dawa ndizo zimeshindwa kupishana!

Ijumaa, 11 Februari

Mzee anaendelea vizuri. Amekunywa uji.

Leo nilimkabili Mama mkwe kwenye benchi nje ya wodi. Budeba alikuwa amempata mwuza chai Mnyakyusa akae nasi atufasirie, nisikose neno. Nilikuwa nimeandaa hasira yangu kama mkuki. Nilimuuliza: kwa nini kikombe kimoja? Kwa nini hukutaka hata kunisikia?

Akasema, na mwuza chai akafasiri huku akitazama chini:

"Kila kikombe ninachopeleka, yeye hutoka nje kukinywea, hapendi dawa chumbani. Akitoka, wewe unakimbia. Ni masika. Nyuma ya jiko hakuna paa. Nilikuona siku ya kwanza ulivyorudi na nguo zimekushika mwilini, unatetemeka, na tumbo la bibi harusi si la kupigwa baridi. Nikasema, vikombe viwili ni kumnyeshea mtoto wa watu mara mbili. Kikombe kimoja. Hata yeye mwenyewe mvua ikinyesha anajizuia haja mpaka ikatike, asikutoe."

Basi, ndiyo maana hakohoi mvuani.

Hasira yangu ilisimama katikati ya kifua ikakosa pa kukaa. Wote wawili walikuwa wananihurumia, na huruma yao ilitaka kumuua mmoja wao.

"Na maneno ya daktari, ya ulimbo?" niliuliza.

"Ulimbo gani?" akasema Mama mkwe.

Alinanuswe alikuwa ndiyo anafika, ameshika machungwa. Mama yake akamgeukia. Sikuhitaji mwuza chai. Alisema kwa sauti ya chini, hakumaliza, akaanza upya. Machungwa yakaanguka moja moja. Mume wangu alisimama pale kama mwanafunzi aliyekutwa nje ya bweni, akasema kwa Kiswahili, kwa ajili yangu:

"Paska aliniambia tangu mwanzo. Aliniambia kila wiki."

Sikuokota machungwa. Hiyo ni mara ya pili anaokota mwenyewe.

Jumapili, 20 Februari

Mzee amerudi nyumbani. Unga mpya umefika, na vidonge vimerudishwa kuwa vile vya kwanza.

Wanawake wa jirani wamesema wiki nzima kwamba nimeivunja nyumba, kwamba nimemwona mkwe na kulitaja jina lake mbele ya watu. Nilikuwa nimejiandaa. Nimefunga hata sanduku, likae tayari mlangoni.

Jioni, mimi nikiwa jikoni, sauti ilitoka ng'ambo ya ukuta. Sijawahi kuisikia ikisema chochote zaidi ya kukohoa na kuugua. Kiswahili safi.

"Mama Alinanuswe," alisema, kwa sauti ya kusikika hadi kwenye uzio, "mwambie mkamwana hakuna aliyeonana na mtu. Mimi nilipoanguka nilifumba macho. Sikuona kitu. Nilifumbua hospitali."

Macho yalikuwa wazi. Yalinitazama. Ninajua na yeye anajua.

"Ndaga," nilisema, nikiuelekea ukuta.

Nimelifungua sanduku.

Jumamosi, 5 Machi

Alinanuswe ameshinda juu ya ngazi nyuma ya jiko, anapigilia mabati mawili juu ya nguzo za mianzi. Hakuombwa. Kila alipogonga msumari nilimwambia, "Novemba!" Akigonga mwingine, "Desemba!" Alijigonga kidole mwezi wa Januari. Nilimfunga kitambaa, sikumbusu. Kesho labda. Na yeye aonje kesho.

Jumanne, 15 Machi

Tumepanga hivi, Mama mkwe na mimi, bila mtu wa kati. Vidonge Mzee amekubali vikae chumbani kwake karibu na mtungi, anameza mwenyewe akiamka. Unga unakwenda katika kikombe chake, jua likishavuka paa la Budeba, na wa jioni wakati wa chakula, kama daktari alivyoagiza upya. Vikombe viwili, mabati mawili. Nami sinyeshewi.

Kilichobaki ni mimi kujua kama amemeza, maana kumuuliza siwezi. Sijui nani amemfundisha kunijulisha, sisi hatukumwambia.

Alfajiri hii mvua ilikuwa inapiga mabati kwa ngumi. Nilikuwa nawasha moto. Mzee akakohoa mara moja, nikainuka nikimbie. Akakohoa tena. Mara ya pili ilikuwa fupi, na mlango haukufunguka. Hakuwa anatoka. Alikuwa amemeza.

Nikakaa. Nikachukua mfuniko wa sufuria, nikagonga ukuta mara moja, ajue nimesikia.